KINGA YA NG'OMBE WA MAZIWA WAKATI WA KUZAA

Wafugaji wa Ushongo na vijiji vingine vya pwani ya Pangani, pamoja na watumishi wa Serikali wanaofuga majumbani, wanaelezwa kwamba kipindi cha hatari zaidi kwa ng'ombe wa maziwa ni wiki 3 kabla ya kuzaa na wiki 3 baada yake. Ugonjwa wa kiwele, kukwama kwa kondo la nyuma na kuoza kwa kizazi hudhaniwa kuwa ni mambo ya ghafla, ilhali mara nyingi chanzo chake ni kudhoofika kwa kinga ya mwili katika siku hizo.

Ng'ombe aliyekaribia kuzaa hupungukiwa na hamu ya kula, wakati ndama aliye tumboni na dang'a inayotengenezwa kiweleni vinadai chakula kingi na madini ya kalsiamu. Hapo chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, hukosa nguvu. Ng'ombe chotara walioenezwa mkoani Tanga kwa mradi wa maziwa ulioanza mwaka 1985 kwa msaada wa Uholanzi huelemewa zaidi, kwa kuwa maziwa yao ni mengi kuliko ya ng'ombe wa kienyeji.

Wengi hukosea mapema. Ng'ombe akishakaushwa, siku 60 hivi kabla ya kuzaa, hunyimwa pumba na mashudu kwa hoja kwamba haingizi fedha. Hiyo si akiba hata kidogo. Apewe majani mabichi, yenye vitamini A na E, jiwe la madini, na mashudu ya nazi kwa kiasi, bila kunenepeshwa kupita kadiri. Kwa joto la pwani, kivuli na maji tele ni sehemu ya kinga. Banda liwe kavu, na uogeshaji dhidi ya kupe waenezao ndigana kali usikatizwe.

Ndama naye huzaliwa bila kinga, kwani haipiti kwenye kondo; huipata katika dang'a. Anyweshwe lita 2 hadi 3 ndani ya saa 6 za mwanzo.

Kondo lisipotoka kwa saa 24, aitwe mtaalamu wa mifugo. Lisivutwe wala kufungiwa jiwe, na lisishikwe kwa mikono mitupu, maana ugonjwa wa kutupa mimba huambukiza binadamu pia.