Kuvipa Vigeu Majina na Lebo: Nafasi ya Maana katika Takwimu za Utafiti wa Kiswahili

Katika mapokeo ya Bleek na Meinhof, ngeli za nomino hutambulishwa kwa nambari. Ngeli ya 7 ni ya KI na ya 8 ni ya VI. Hata hivyo, hakuna mwanaisimu anayedai kwamba ngeli ya 8 ni maradufu ya ngeli ya 4, wala anayetafuta wastani wa ngeli. Nambari hizo ni majina tu. Kanuni hii ndiyo msingi wa kufafanua vigeu katika programu ya takwimu kama vile SPSS, ingawa husahaulika mara tu hojaji zinapoingizwa katika tarakilishi.

Kigeu ni sifa inayotofautiana baina ya watafitiwa, kwa mfano umri, jinsia au lugha ya kwanza. Katika SPSS, iliyoasisiwa mwaka wa 1968, data huwa na ukurasa wake na ufafanuzi wa vigeu ukurasa mwingine. Kila kigeu hupewa jina lisiloanza kwa tarakimu wala kuwa na nafasi ndani yake. Kabla ya toleo la 12 la mwaka wa 2003, jina halikuruhusiwa kuzidi herufi 8. Tangu hapo kikomo ni 64. Jina fupi kama "lug1" halijielezi, hivyo huandamana na lebo ya kigeu: "Lugha ya kwanza ya mtafitiwa". Lebo hiyo ndiyo huonekana katika majedwali ya matokeo.

Zaidi ya hayo, kila thamani huhitaji lebo yake: 1 Kidholuo, 2 Kikamba, 3 Kimeru. Kisha mtafiti hubainisha aina ya kipimo: cha majina, kama lugha; cha mpangilio, kama viwango vya kukubaliana na kauli; au cha kiasi, kama umri. Programu ikiombwa wastani wa "lug1", yaweza kutoa 1.8 bila kusita. Lakini hakuna lugha iliyo kati ya Kidholuo na Kikamba. Kosa hilo si la mashine.

Majibu yaliyokosekana nayo hudai uangalifu. Tuchukulie watafitiwa 40, ambapo 38 wana umri wa miaka 20 na wawili hawakujibu, wakaandikiwa 99. Iwapo 99 haikutangazwa kuwa alama ya jibu lililokosekana, wastani wa umri utakuwa 23.95 badala ya 20. Watu wawili walionyamaza watakuwa wamewazeesha wenzao wote, na hitimisho la tasnifu litapotoka.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Lebo ndizo daftari la data. Anayezoea kupambanua neno na maana yake ana kila sababu ya kuziandika kabla ya kuingiza hojaji ya kwanza.