Mbele ya kununua nyumba, peleka fundi

Ndugu mfanyakazi, nyumba ya uzee inakula feza ya miaka mingi. Mbele ya kulipa, peleka fundi mwashi ambaye si rafiki wa muuzaji, umlipe wewe mwenyewe.

Apande juu, aangalie mbao za mabati na njia za mchwa. Ufa unaopanda kama ngazi katika matofali, toka pembe ya dirisha, mara nyingi unaonyesha kwamba msingi umeshuka. Kiangazi kinaficha mengi. Ukiweza, rudi siku ya mvua.

Kwa Kolwezi, anza na sakafu. Katika mtaa wa Kasulo, tangu mwaka 2014, watu walichimba kobalti ndani ya viwanja vyao, wengine chini ya vyumba vyenyewe. Simenti mpya ya chumba kimoja inaweza kufunika shimo. Fundi agonge sakafu kwa nyundo, asikilize kama kuna utupu. Lakini njia iliyopita chini sana haitalia. Kwa hiyo waulize majirani, wao walisikia nani alichimba usiku. Bibi yako naye aende: huenda yeye ndiye atakayeona kwanza choo kilicho karibu na kisima.

Muuzaji akikataza fundi kuingia, usitoe hata avansi.