Kinga ya Mwili na Mimba: Kwa Nini Mzazi wa Kwanza Hudhurika Kuliko Wenzake

Katika Dar es Salaam, tangu Magogoni penye kivuko mpaka sokoni Kariakoo, ni desturi ya siku nyingi kwamba mwanamke achukuaye mimba ya kwanza hupelekwa kwao, akajifungue mikononi mwa mama yake. Twawaona wakivuka kwa pantoni, na wengine wakipanda mabasi ya Rufiji, Kilwa na Muheza, na mafurushi ya kanga mikononi. Desturi hii ni njema, wala hatuipingi. Walakini mna jambo ndani yake ambalo yafaa wasomaji wetu walioko shamba walijue, maana ndio wampokeao mgeni huyo. Jambo lenyewe limewapotezea watu wengi watoto, na mara nyingi lawama humwangukia mtu asiyehusika: mke mwenyewe, au jirani, au kikongwe adhaniwaye mchawi.

Kila mwili wa mtu una askari wake. Nao ni chembe nyeupe za damu, pamoja na silaha ambazo baadhi ya chembe hizo huzitengeneza, ziitwazo kingamwili. Kazi yao ni kutambua kilicho cha mwenyewe na kilicho kigeni, na kukipiga kigeni. Ndiyo sababu mtu akipewa figo la mtu mwingine hospitalini, hana budi kupewa na dawa za kuwatuliza askari hao, ama sivyo watalikataa.

Sasa, mtoto aliye tumboni ni nani? Nusu ya asili yake ni ya mama, na nusu ni ya baba, naye baba ni mtu mwingine kabisa katika mwili wa mama. Mwaka 1953 mtaalamu wa Uingereza, Peter Medawar, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1960, aliuliza swali hili waziwazi: imekuwaje mama asimkatae mtoto wake miezi tisa, hali angekataa kipande cha ngozi cha mtoto huyo huyo akipandikizwa?

Jibu halijaisha kutafutwa mpaka leo, lakini sehemu kubwa yajulikana. Damu ya mama na damu ya mtoto hazichanganyiki. Kati yao lipo kondo la nyuma, ambalo ni kama forodha, chakula hupita na uchafu hutoka. Chembe za kondo zinazogusana na mwili wa mama hazionyeshi zile alama za kawaida za ugeni ambazo askari huzitafuta. Tena katika damu ya mama huongezeka chembe ambazo kazi yao ni kuwazuia askari wenzao wasizidi ukali. Basi si kweli, kama wengine wasemavyo, kwamba kinga ya mja mzito imelala. Imebadilika tu namna ya kulinda.

Tuje sasa kwenye homa ya malaria, ambayo ndiyo habari kubwa kwetu. Daktari Robert Koch, Mdachi, aliichunguza malaria hapa Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898. Kisha alipokuwa New Guinea, mwaka 1899 na 1900, akaona kwamba penye malaria nyingi watoto ndio wenye vijidudu kwa wingi, na watu wazima wanavyo vichache. Maana yake mtu aumwaye mara kwa mara tangu utoto, akipona, mwili wake hujifunza. Kinga hiyo haimalizi vijidudu vyote, lakini humwezesha mtu mzima kwenda shambani akiwa na vijidudu damuni bila kuanguka kitandani.

Lakini wakunga na waganga wa hospitali walishangaa. Mwanamke mzima, aliyezaliwa penye malaria na kukulia hapo, akichukua mimba ya kwanza huzidiwa tena na malaria, kana kwamba kinga yake yote imetoroka. Mimba ya pili hupungua taabu, na ya tatu hupungua zaidi. Sababu ni nini?

Mwaka 1996 Michal Fried na Patrick Duffy, waliofanya kazi magharibi ya Kenya, walitangaza walichokiona katika makondo ya wazazi wa huko. Kijidudu cha malaria huingia ndani ya chembe nyekundu ya damu, kisha huiwekea juu yake kitu kama ndoana. Ndoana hiyo huishika chembe kwenye ukuta wa mshipa, isichukuliwe na damu mpaka kwenye wengu ambako ingeharibiwa. Ziko ndoana za namna nyingi, na kinga ya mtu mzima imekwisha jifunza nyingi za hizo. Lakini ndani ya kondo mna kitu ambacho hakimo penginepo kwa namna ile, na vijidudu vyenye ndoana ya kukishika hicho hukusanyika humo kwa maelfu. Mwanamke ambaye hajapata kuwa na kondo hajapata kupambana na ndoana hiyo; askari wake hawaijui. Katika mimba ya pili wamekwisha iona. Baadaye ndoana yenyewe ilitambuliwa, nayo yaitwa VAR2CSA, na wataalamu wamekwisha anza kujaribu chanjo zilizotengenezwa kwa kuifuata.

Madhara yake si homa tu. Pengine mama hana homa kabisa, naye hutembea na kupika kama kawaida, huku kondo limejaa. Askari wa mama hukimbilia humo kupigana, na vita hivyo hulidhuru kondo lenyewe: chakula cha mtoto hupungua, damu ya mama hupungua. Mtoto huzaliwa na uzito usiofika kilo 2.5, au huzaliwa mfu, au mimba huharibika.

Rudini sasa kwa yule msichana wa Kariakoo. Mjini malaria ni chache kuliko shamba, naye huenda amekua bila kuugua sana. Basi hana kinga ya watu wazima wa shamba, wala hana kinga ya kondo. Anapofika kwa mama yake karibu na mabonde ya mpunga, ni mgeni mara mbili. Na mtu wa namna hii hata mimba ya tatu haimpi salama, kwa kuwa hakupata mahali pa kujifunzia. Wenyeji wamwekee chandarua chenye dawa tangu usiku wa kwanza, asingoje mpaka ajifungue.

Dawa ipo. Katika kliniki za waja wazito hutolewa vidonge vya SP, navyo hutolewa hata kwa asiyeumwa. Tangu mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani limeshauri vitolewe kila mama ahudhuriapo kliniki, kuanzia kipindi cha pili cha mimba, mwezi mmoja au zaidi ukipita kati ya dozi na dozi. Anayetumia kotrimoksazoli kwa ajili ya virusi vya Ukimwi asipewe SP, na amwambie mganga mapema. Twasikia wako wanaovificha vidonge hivi katika pindo la kanga na kuvitupa njiani, wakisema, "Mimi siumwi." Hao hawajaelewa kwamba kondo halina kinywa cha kulalamika.

Kinga huhusika pia na kifafa cha mimba. Katika ukuta wa tumbo la uzazi mna chembe za kinga ambazo husaidia kupanua mishipa iletayo damu kwenye kondo. Zisipokubaliana vema na chembe za mtoto, mishipa hubaki myembamba, na baadaye shinikizo la damu la mama hupanda. Annettee Nakimuli na wenzake walichunguza wazazi wa Mulago, Kampala, na mwaka 2015 walitangaza kwamba baadhi ya Waafrika wana urithi uwakingao na ugonjwa huu, ambao Wazungu hawana.

Na wasiopata mimba? Hapo pia kinga imo. Kisonono kisipotibiwa, mapigano ya askari na vijidudu huacha makovu, na makovu huziba mirija ya uzazi ya mwanamke. Kwa mwanamume huziba njia ya mbegu. Wako na wanaume ambao miili yao hutengeneza kingamwili za kupiga mbegu zao wenyewe. Kwa hiyo mume anayemwandikia mke talaka kwa utasa, naye hajapimwa, amehukumu kesi kabla ya kusikiliza upande wa pili.

Mwisho, kinga ya mama humfaa mtoto. Kingamwili zake huvuka kondo, na mama aliyechanjwa pepopunda humpa mtoto silaha kabla hajazaliwa. Kwa njia hiyo, pamoja na kuzalishwa kwa usafi, mwaka 2012 Tanzania ilithibitishwa kuwa imetokomeza pepopunda ya wazazi na watoto wachanga. Mja mzito aulize kliniki kama amekwisha timiza sindano zake, na kadi yake aende nayo huko aendako kujifungua.