Shahada za uhandisi za ng'ambo: gharama inayotangulia ada

Kwa mhandisi wa mkoa wa Songwe, shahada ya uzamili ya nje ya nchi huanza kugharimu kabla chuo hakijajibu barua. Ada ndiyo inayozungumzwa zaidi, lakini mara nyingi hulipwa na mfadhili. Fedha zinazotangulia hutoka mfukoni mwa mwombaji.

Masomo ya karibu kabisa na mkoa yako Mbeya, katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia (MUST), kilichoanza mwaka 1986 kama chuo cha ufundi na kuwa chuo kikuu 2012. Nje ya nchi, jirani wa kwanza ni Zambia. Kutoka mji wa mpakani wa Tunduma hadi Kitwe, kilipo Chuo Kikuu cha Copperbelt, umbali haupishani sana na ule wa kwenda Dar es Salaam, na chuo hicho kimekulia katikati ya migodi ya shaba. Itifaki ya Elimu na Mafunzo ya SADC ya 1997 inataka vyuo vitenge angalau asilimia 5 ya nafasi kwa wanafunzi wa nchi nyingine wanachama na, hatua kwa hatua, viwatoze ada ya wenyeji. Utekelezaji si sawa kila mahali, hivyo ni busara kuuliza kiwango kamili, na sarafu yake, kabla ya kuhama. Mjini Tunduma, kwacha ya Zambia hubadilishwa barabarani kila siku. Dola ni habari nyingine.

Ulaya na Asia hufikiwa zaidi kwa ufadhili. Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya humpa mwanafunzi euro 1,400 kwa mwezi. Ujerumani ina DAAD, Uingereza ina ufadhili wa Jumuiya ya Madola, na serikali za China na Japani zina programu zao. Anayejilipia Ujerumani hukutana na sharti zito zaidi: ada katika vyuo vingi vya umma ni ndogo au haipo, lakini viza huhitaji uthibitisho wa fedha za kujikimu, ambazo tangu Septemba 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka, kwa kawaida katika akaunti maalumu isiyoruhusu kutoa zaidi ya kiasi cha mwezi.

Kabla ya hapo kuna pasipoti ya shilingi 150,000, nakala za matokeo, na mtihani wa Kiingereza. Matokeo ya baadhi ya mitihani hiyo, kama IELTS, hudumu miaka miwili tu. Atakayekosa ufadhili miaka miwili mfululizo huenda akalipia mtihani tena. Balozi na vituo vya viza viko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kwa barabara ya TANZAM, na anayekwenda Uingereza kwa muda mrefu hutakiwa pia kupimwa kifua kikuu. Kila safari ni nauli, malazi na siku za kazi. Ndege hupunguza uchovu kuliko gharama, na Uwanja wa Songwe, licha ya jina lake, uko mkoa wa Mbeya.

Ugumu huu wote ndio unaowapa soko mawakala wanaowaunganisha waombaji na vyuo vya nje. Wengi wao hulipwa kamisheni na chuo, jambo linaloeleza kwa nini huelekeza wateja kwenye kozi za kujilipia. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) huwasimamia mawakala hao.

Uhandisi wa kusini umewahi kupeleka watu mbali kwa mradi mmoja. Mwaka 1972, reli ya TAZARA ikijengwa, vijana karibu 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea reli. Haikuwa shahada ya uzamili, lakini kazi ilikuwa ikiwasubiri. Leo mahitaji ya namna hiyo yanatajwa tena: TAZARA imekabidhiwa kampuni ya Kichina kwa ukarabati wa dola bilioni 1.4, na mradi wa madini adimu wa Ngualla, wilayani Songwe, unahusu uchenjuaji ambao utaalamu wake mwingi uko China.

Anayerudi hupeleka cheti TCU kitambuliwe, kisha hugeukia Bodi ya Usajili wa Wahandisi, inayofanya kazi chini ya sheria ya 1997. Shahada ya uzamili haimfanyi mhandisi mtaalamu: bodi hudai uzoefu wa kazi unaosimamiwa. Mwenye shahada ya pili asiye na uzoefu huo huanza katika daraja la mhandisi mhitimu, sawa na aliyebaki nyumbani.