Sonona inayorudi: tiba ya kuyatazama mawazo yanapokuja

Mwanamke anatoka pwani Makunduchi, Zanzibar, na kiroba cha mwani kichwani. Anakutana na shoga yake, anamtolea salamu, hajibiwi. Mwingine angelipuuza jambo hilo palepale: labda hakusikia, labda ana haraka zake. Lakini huyu aliwahi kuugua sonona mara tatu. Kaninunia. Nimemkosea nini? Watu wamenichoka. Sina maana. Akifika nyumbani hana hamu ya kupika, usiku haupati usingizi, na wiki mbili baadaye ugonjwa umemrudia.

Mfano huu wa salamu isiyojibiwa hutumika katika mafunzo yenyewe ya tiba ya uzingativu, yaani tiba ya kuyatazama mawazo yanapokuja. Wahudhuriaji huambiwa wafikirie wamempita mtu wanayemfahamu, naye akaenda zake bila kuwasalimia, kisha kila mmoja aseme ni wazo gani lililomjia kwanza. Majibu hutofautiana sana, ingawa tukio ni lile lile moja.

Sonona ina tabia ya kurudi. Takriban nusu ya walioupata ugonjwa huu mara moja huupata tena, na kila unaporudi, hatari ya kurudi tena huongezeka. Katika miaka ya 1990, wanasaikolojia watatu, Zindel Segal wa Kanada pamoja na John Teasdale na Mark Williams wa Uingereza, walitafuta sababu. Waliona kwamba katika kila awamu ya ugonjwa, huzuni hushikamana na mawazo ya kujilaumu. Mgonjwa hupona, lakini ule mshikamano hubaki. Siku akipatwa na huzuni ndogo tu, ya kawaida, mawazo ya zamani huamka yote kwa pamoja. Naye hujaribu kuyamaliza kwa kuwaza zaidi, na kuwaza kwenyewe ndiko kunakomzamisha.

Tiba ya uzingativu waliyoibuni ilitegemea kazi ya Jon Kabat-Zinn, ambaye tangu 1979 alikuwa akiwafundisha wagonjwa wa maumivu sugu huko Massachusetts, Marekani, mazoezi ya kuituliza akili. Mafunzo yao huchukua wiki 8, kikao kimoja cha saa mbili hivi kila wiki, pamoja na mazoezi ya kila siku nyumbani. Kikao cha kwanza huanza na zabibu kavu moja. Mtu huishika, huitazama mikunjo yake, huinusa, huiweka ulimini bila kuitafuna, kisha huitafuna polepole. Kwetu tende ingefaa vilevile. Akili itatoroka mara nyingi, itakwenda kwenye deni la dukani au maneno ya jirani, na kazi ya mgonjwa ni kugundua imetoroka na kuirudisha bila kujigombeza. Baadaye hufanya hivyo kwa pumzi, kwa mwili, mwishowe kwa mawazo yenyewe. Wazo la “sina maana” linapokuja, amejifunza kulitambua kuwa ni wazo linalopita tu, na halazimiki kulifuata.

Je, inasaidia? Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2000, wenye wagonjwa 145, miongoni mwa waliougua mara tatu au zaidi na kupata huduma ya kawaida peke yake, asilimia 66 waliugua tena ndani ya wiki 60. Waliopata mafunzo, asilimia 37. Kwa waliougua mara mbili tu, faida haikuonekana. Mwaka 2015 utafiti mwingine wa Uingereza uliwafuatilia wagonjwa 424 kwa miaka miwili: waliosomeshwa huku wakipunguziwa dawa taratibu, asilimia 44 waliugua tena, walioendelea na dawa, asilimia 47. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuitwa ushindi, ila wasioweza kumeza dawa miaka nenda miaka rudi wamepata njia nyingine. Nasisitiza kwamba dawa zilipunguzwa chini ya uangalizi wa daktari. Mtu asiziache ghafla kwa kusoma makala hii. Na aliyezama kwenye sonona kali, au anayefikiria kujiua, apelekwe hospitali leo hii.

Najua swali litakaloulizwa barazani: je, hii si ibada ya dini nyingine? Mazoezi haya yana asili katika taamuli ya Kibuddha, lakini hospitalini hufundishwa bila ibada yoyote, na Muislamu anayeyafanya anabaki na sala zake na uradi wake. Kinachonisikitisha ni kauli kwamba mwenye sonona ana upungufu wa imani. Wapo wanaoswali tano, wanafunga, na bado wanaugua. Kauli hiyo huwafanya wafiche maradhi mpaka siku ya kupelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Kidongo Chekundu mjini, hali imeshaharibika.

Walimu wa tiba hii ni wachache popote, na hupasa kuwa watu waliofunzwa vizuri, maana kukaa kimya na mawazo huweza kuamsha kumbukumbu chungu. Hata hivyo, Afrika imeshaonyesha kwamba si kila msaada wa akili unahitaji daktari bingwa. Nchini Uganda, utafiti wa vijiji vya Masaka na Rakai uliochapishwa 2003 uliwatumia wenyeji waliopewa mafunzo mafupi kuongoza vikundi vya mazungumzo, na sonona ilipungua sana. Nchini Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wa mitaani kuwasikiliza wagonjwa kwenye mabenchi ya nje ya zahanati, na mpango huo umefika hadi Zanzibar. Hizo si tiba ya uzingativu, lakini zinaonyesha njia ambayo uzingativu nao ungeweza kupitia, chini ya wauguzi wa hospitali ya Makunduchi.

Siku mafunzo hayo yatakapofika Makunduchi, ratiba ipangwe na wanawake wanaolima mwani. Bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, huja kila baada ya wiki mbili hivi, na maji hukauka asubuhi, saa nne au tano. Siku hizo pwani ndiyo kazi. Darasa la kila Jumatatu asubuhi litawakosa nusu ya vikao. Wiki ya bamvua lifanywe baada ya alasiri, karibu na nyumbani, ili mama asichague kati ya kamba zake za mwani na afya yake.