Kisanduku cha Tesla na Motokaa ya Chevrolet (Sehemu ya Pili)

Katika makala iliyotangulia tulieleza namna betri ya motokaa ya umeme inavyohifadhi nguvu zake, na leo tunaingia katika suala ambalo limewashughulisha wengi wa jamaa zetu wakaao Marekani, nalo ni hili: mtu aliyehamia nyumba ambayo ukutani pa banda lake la gari pamekwisha kutiwa kisanduku cha kuchajia cha Tesla, ilhali motokaa yake yeye ni ya Chevrolet au ya Nissan, je, akitumie kile alichokikuta, au akibandue atie kingine? Mpwa wangu aliyeko Columbus, katika jimbo la Ohio, mwenye Chevrolet Bolt ya mwaka 2019, alifikwa na jambo hilo hilo, na muuzaji mmoja akamhakikishia kwamba hana budi kununua kipya na kumlipa fundi akifunge. Maneno yale hayakuwa kweli, na lau angaliyafuata angalipoteza fedha nyingi bila ya faida yoyote.

Yatupasa tufahamu kwanza kwamba kisanduku kile, ijapokuwa sote twakiita chaja, si chaja. Umeme uingiao majumbani hugeuza mwendo wake huku na huku mara nyingi kwa sekunde, na betri haikubali ila umeme wa mwendo mmoja. Chombo kinachoubadili huo uwe huu kimo ndani ya motokaa yenyewe, naye mtengenezaji wa motokaa ndiye aliyekipima kiasi chake. Kilichoko ukutani ni mfano wa bawabu: hukaa mlangoni, huuliza aliyekuja ni nani na yu tayari au la, humweleza kiasi anachoruhusiwa kuchukua, kisha ndipo humfungulia.

Na mazungumzo hayo ya bawabu na mgeni wake ndiyo siri ya jambo zima, kwa kuwa lugha wanayoisema ni moja katika nyumba zote. Kisanduku hupeleka katika waya mwembamba ishara ya volti 12; plagi ikiingia, motokaa huishusha hadi 9, maana yake "nimefika", na ikiwa tayari kupokea huishusha tena hadi 6, na hapo ndipo asikilizaye husikia ule mlio wa "tak!" ndani ya kisanduku, ambao ni swichi kubwa ikifunga njia ya umeme. Ishara hiyo huwaka na kuzimika mara 1,000 kwa sekunde, na urefu wa kule kuwaka ndio hesabu ya ampea: ikiwaka nusu ya muda, motokaa imeruhusiwa ampea 30, ikiwaka asilimia 80, imeruhusiwa 48. Bolt ya mpwa wangu haiwezi kuchukua zaidi ya 32, basi hata ikiambiwa 48 huchukua 32 zake, yaani kilowati 7 na ushei, na betri yake ya kilowati-saa 60 hujaa kwa saa 9 au 10 hata kama ilianza tupu. Kidogo cha wawili hao ndicho kinachopita, na hakuna anayedhurika.

Tofauti basi imebaki katika umbo la plagi. Tesla ilijitengenezea yake mwaka 2012, na wenzake wa Marekani wakabaki na ile iitwayo J1772, hata ilipofika Novemba 2022 Tesla ikaitangaza yake iwe wazi kwa wote. Ford ikaikubali Mei 2023, General Motors ikafuata Juni, na mwezi wa Agosti kikatoka kisanduku cha Tesla chenye adapta ndani yake. Aliye na cha zamani hununua adapta ndogo isiyozidi ukubwa wa ngumi, akahakikisha pia kwamba mwenye nyumba wa kwanza hakukifunga kisanduku kiwatumikie Tesla peke yao, kwani mpangilio huo umo na waweza kubadilishwa.

Adapta hii ndiyo ninayoitilia mkazo kuliko yote. Ya kwanza aliyonunua mpwa wangu ilikuwa ya bei nyepesi, haikuandikwa ampea zake, na baada ya saa moja hakuweza kuishika kwa kiganja kwa namna ilivyokuwa moto. Joto la maungio huongezeka si kwa kadiri ya mkondo bali kwa mraba wake, hata adapta ile ile ikipitisha ampea 48 badala ya 32 hupata joto mara mbili na robo. Aliirudisha dukani, akanunua iliyoandikwa 80, nayo huwa vuguvugu tu. Na mwenye kutaka kuchomoa asimamishe kwanza umeme kutoka ndani ya motokaa, asivute plagi kwenye adapta ilhali umeme unapita. Kadhalika adapta ya nyumbani asiipeleke kwenye vituo vya kuchajia haraka barabarani, kwani huko umeme wa mamia ya volti huingia katika betri moja kwa moja, wala adapta ile haikuumbwa kwa kazi hiyo.

Fauka ya hayo amwite fundi atazame breka, yaani ile swichi ya nyumba inayokata umeme ukizidi. Kwa sheria za umeme za Marekani mzigo wa muda mrefu hauruhusiwi kupita asilimia 80 ya breka, basi kisanduku kilichopangwa ampea 48 chataka breka ya 60, na nyaya zinazolingana nayo. Kisanduku hakijui nyaya zilizomo ukutani ila kwa yale kiliyoambiwa na fundi wa kwanza.

Yasiyovuka kutoka chapa hadi chapa yapo. Kisanduku kikubwa cha Ford kilichotolewa pamoja na F-150 Lightning chaweza kuichaji Tesla kwa adapta inayofaa, lakini ile kazi ya kurudisha umeme wa motokaa nyumbani wakati wa giza haitafanyika, kwani hiyo yahitaji maneno mengi kuliko ile ishara ya ampea.

Nasi wa pwani tusidhani mambo haya yako mbali. Nissan Leaf zilizotumika, zitokazo Japani, zina tundu la J1772, na kisanduku cha Ulaya chenye tundu la Type 2 huzichaji kwa waya wenye kichwa hiki upande mmoja na kile upande wa pili, maana ishara ni ile ile. Motokaa za soko la Uchina ndizo za kutazamwa kwa hadhari: tundu lake lafanana mno na la Ulaya kwa umbo, lakini penye pini huku pana vitundu kule, na atakayenunua waya kwa kutazama umbo la nje pekee atafika nao nyumbani usiingie.