Kompyuta ya nyumbani ikiugua: ni diski au ni waya?

Wiki mbili kabla ya Ramadhani, kompyuta ya mezani ya nyumbani kwetu Malindi ilianza visa. Ukifungua picha inachukua muda, ukinakili inakwama, na siku nyengine ukiiwasha inadai haioni diski kabisa. Ndani ya diski ile mna picha za Idi ya mwisho ya marehemu bibi, na hazikuwapo pahala pengine popote. Kosa letu, tunalijua.

Fundi wa kwanza aliitazama dakika tano. "Diski imekufa, nunua nyengine." Mimi huandika habari za afya, na hukumu inayotolewa bila ya kipimo hunitia wasiwasi. Nikaibeba kwa fundi mwengine, mtu mzima, karibu na Darajani.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Inatoa sauti gani?"

Lilikuwa swali lake la kwanza, kama daktari anavyomuuliza mama mtoto anakohoa vipi. Diski ya kawaida ina sahani zinazozunguka, mara nyingi mizunguko 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake kwa nafasi ndogo mno kuliko unene wa unywele. Ukisikia inagonga tak, tak, tak, izime papo hapo na usijaribu tena, kwani kila ukiiwasha huenda kichwa kikazikwangua sahani zenye picha zako. Diski za kisasa za SSD hazina kitu kinachozunguka, kwa hiyo hufa kimya kimya.

Yetu haikugonga. Akafungua CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma rekodi za SMART, yaani kumbukumbu ambazo diski huziweka yenyewe kuhusu afya yake. Buluu ni nzima, manjano ni tahadhari, nyekundu ni mbaya. Yeye hakuishughulikia rangi, alishuka moja kwa moja kwenye mistari mitatu. 05 huhesabu vipande vilivyoharibika na kubadilishwa kwa vya akiba. C5 ni vipande vilivyogoma kusomeka na vinasubiri kuamuliwa. Kote sifuri. C7, inayohesabu makosa ya data ikiwa njiani baina ya diski na kompyuta, ilikuwa imepanda sana.

"Diski haiumwi," alisema. "Njia ndiyo inayoumwa."

Akauchomoa waya wa SATA. Ncha zake zilikuwa zimefifia na kuota kutu. Anayekaa karibu na bahari hatashangaa: hewa ya chumvi inayokula bawaba za madirisha yetu haiibagui kompyuta. Alitia waya mpya, akausafisha mdomo wa diski, kisha kabla ya jambo jengine lolote akanakili picha zote kwenye diski ya nje. Usiendeshe programu ya kurekebisha makosa kabla ya kunakili, alinionya, maana diski ikiwa kweli mahututi kazi ile nzito inaweza kuimaliza.

Kwa wenye diski ya nje, C7 haiuhesabu waya wa USB. Jaribu waya mwengine, tena mfupi, na uchomeke nyuma ya kompyuta ya mezani badala ya mbele.

Nilimuuliza kuhusu umeme. Alicheka. Anazikumbuka siku za giza Unguja, la mwezi mzima mwaka 2008 na la miezi mitatu kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, na majenereta yaliyokuwa yakizimika ovyo. Umeme ukikatika diski ikiwa inaandika, faili huharibika, na ukirudi kwa kishindo hupiga hata saketi. Stebilaiza husaidia kwa hilo la pili tu. La kwanza linataka UPS yenye betri.

Sifuri zile lakini hazikunilaza usingizi. Watafiti wa Google walichapisha mwaka 2007 uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000, wakakuta kwamba zaidi ya asilimia 36 ya zilizokufa hazikuwa zimeonesha dalili yoyote kwenye SMART, ukiacha joto. Ndiyo maana picha za bibi sasa ziko pahala patatu, pamoja na kwa shangazi kule Makunduchi.

Hesabu ya C7 hairudi nyuma hata ukibadilisha waya, kinachotakiwa ni isipande. Naiangalia kila Ijumaa. Wiki ya tano hii, imesimama palepale.